Kifuniko

Mimi seremala. Karakana yangu iko Kasese,
nyuma ya kinu cha kahawa, ukifuata vumbi la mbao utanikuta.
Biblia naisoma kama mchoro wa mteja:
naanza na vipimo.

Usiku ule mto Nyamwamba uliposhuka kutoka Kilembe
ukisukuma mawe makubwa kama ng'ombe,
mchungaji alisema asubuhi: hii ni hukumu.
Sikubisha. Nilikuwa na penseli sikioni
na watoto saba wa kupimia masanduku.

Mtoto huwezi kumnyooshea futi kamba.
Nililaza mkono wangu kando yake,
kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati,
ndipo nikajua dhiraa ni kitu gani.
Ithungu, binti wa dada yangu:
dhiraa mbili. Nusu haikutimia.

Nikalala kidogo, nimekaa. Nilipoamka
Nzanzu hayupo, wala mbao tisa hazipo.
Nzanzu niliyemfundisha kushika randa,
aliyekula sahani moja na mimi!
Kabla jua halijapanda, zilikwisha kuuzwa Bwera.
Watoto wawili tukawazika kwa mkeka.
Ithungu alikuwa mmoja wao.

Nilimwombea Nzanzu, naam, kila usiku.
Niliomba moto, ule ule wa Sodoma.
Nikasema: Bwana, safari hii usimsikilize Ibrahimu,
usikubali akushushe kutoka hamsini hadi kumi
kama mnunuzi wa nyanya jioni.
Ulifunga mlango wa safina kwa mkono wako;
waliokuwa nje walisikia komeo.
Basi na huyu alisikie.

Miaka kumi na mmoja nimeomba hivyo.

Mwaka huu kanisa likaniagiza sanduku la agano,
la kuwafundishia watoto wa Jumapili.
Sanduku tena. Lugha yetu hii haina huruma,
neno moja kwa maiti na kwa amri za Mungu.
Nikafungua Kutoka, sura ya ishirini na tano:
urefu dhiraa mbili na nusu,
upana moja na nusu, kwenda juu moja na nusu.
Ndani, mawe. Na juu ya jiwe, Usiibe.
Hakuna aliyelifuta.

Kisha kiti cha rehema, ndicho kifuniko:
urefu dhiraa mbili na nusu, upana moja na nusu.
Sawasawa na sanduku, hakipungui unywele.
Fundi anaelewa: kikipungua, mvua inaingia;
kikizidi, kinamkwaruza apitaye.
Nikatafuta kwenda juu kwake.
Nikavaa miwani. Nikarudia kwa kidole.
Hakukuandikwa.
Labda mwandishi alisahau; hata sisi husahau.
Lakini nilikaa na ukurasa ule mpaka taa ikaisha mafuta.

Makerubi sikuwachonga, mkono ulikataa.
Mmoja mwisho huu, mmoja mwisho ule,
nyuso zao zielekeane, zikitazama kifuniko.
Nikasema, hao watangoja.

Alhamisi, mvua ya saa tisa, mtu akasimama mlangoni
na mkokoteni. Mvi zimemwahi.
Hakusema neno. Akaanza kushusha mbao,
akizihesabu kwa sauti ndogo, hadi tisa.
Mkaratusi, si mvule. Nikaigonga moja kwa kifundo.
"Mbichi hizi," nikamwambia.
"Najua," akasema Nzanzu.

Sikumsamehe. Nisije nikasema uongo
katika shairi lenye jina la Mungu ndani.
Dada yangu bado anaukunja mkeka ukutani, hakai juu yake.

Ila kifuniko kilikuwa sakafuni, mvule mtupu, kizito,
na tangu asubuhi nilikuwa nimeshindwa kukiinua peke yangu.
"Shika upande ule," nikasema.
Akashika.
Tukasimama, yeye mwisho ule, mimi mwisho huu,
uso kwa uso, macho yetu chini, juu ya ubao,
tukakishusha polepole
kila mmoja akichunga vidole vya mwenzake.